Bugeshi haina mto, lakini biashara yake inategemea mito ya majirani

BUGESHI, Rubavu – Siku ambazo mpaka uko wazi, njia ya kwenda kituo cha Kabuhanga huanza kujaa watu kabla ukungu haujaondoka kwenye mteremko wa mlima Karisimbi. Wengi ni akina mama. Wamebeba viazi, karoti na kabichi, wengine kichwani, wengine kwenye baiskeli. Mbele yao, upande wa Kongo, iko Kibumba, na barabara kuu inayoteremka kutoka Rutshuru hadi Goma.

Udongo wa hapa ni mweusi na wenye rutuba, zawadi ya volkano. Mvua haina ubahili. Viazi hukua vizuri na pareto pia. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mgeni hukitafuta asikione, nacho ni mto. Miamba ya volkano ina matundu na nyufa nyingi, kwa hiyo maji ya mvua huzama ardhini badala ya kukusanyika na kutiririka mwaka mzima. Mvua ikizidi, maji hushuka kwa kasi kwenye makorongo, hubeba udongo na mazao, kisha makorongo hukauka tena.

Korongo linalokauka haliwezi kuzungusha mtambo wa umeme. Hata hivyo umeme upo Bugeshi, na watu wanaishi kwa huo. Mashine ya kusaga, kibanda cha kuchaji simu, saluni, fundi wa kuchomelea milango na friji la duka la maziwa vyote vimefungwa kwenye waya mmoja. Waya huo unakwenda mbali, kwenye mito ambayo wafanyabiashara wengi wa Bugeshi hawajawahi kusimama kandoni mwake. Wengi hujua tu bei ya uniti kwenye mita ya kulipia kabla, ile inayojulikana Rwanda kwa jina la Cash Power. Habari ya mto huwafikia umeme unapokatika.

Kwa anayefanya biashara ya mpakani, jambo hili si la wahandisi peke yao. Unga, maziwa, samaki wabichi na hata maji ya bomba vinapita kwenye umeme kabla ya kufika sokoni.

Sebeya: mto mmoja, mitambo mitatu

Mto ulio karibu zaidi na Bugeshi na wenye kuzalisha umeme ni Sebeya. Eneo linaloukusanyia maji lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 336, na limegawanyika katika wilaya nne: Rubavu, Rutsiro, Nyabihu na Ngororero. Mto unashuka kutoka milima ya upande wa Gishwati, unapita Kanama, Nyundo na Rugerero, kisha unaingia Ziwa Kivu kusini ya mji wa Gisenyi.

Mtambo wa Gisenyi ulianza kazi mwaka 1957 ukiwa na uwezo wa megawati 1.2. Ulifuatiwa na Gihira mwaka 1984, wenye megawati 1.8, kisha Keya mwaka 2011, wenye megawati 2.2. Jumla yake ni megawati 5.2. Ni kiasi kidogo ukilinganisha na mahitaji ya leo, lakini mtambo wa kwanza ulipowashwa, mji wa Gisenyi ulikuwa miongoni mwa miji michache ya eneo hili yenye umeme wake. Kiwanda cha bia cha Bralirwa nacho kilianzishwa mwaka huo huo wa 1957, jirani na ziwa.

Faida ya mto wa mlimani ni kwamba maji yale yale hufanya kazi zaidi ya mara moja. Yakishazungusha mtambo mmoja, hurudishwa mtoni, yanateremka tena na kuzungusha mwingine. Maji hayaliwi na mtambo. Kinachochukuliwa ni nguvu ya kuanguka kwake.

Hesabu yake si ngumu. Nguvu inategemea mambo mawili: maji ni mengi kiasi gani na yanaanguka kutoka urefu gani. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, ikipita kila sekunde na kuanguka mita 100, hutoa takriban kilowati 800 baada ya kuondoa kinachopotea ndani ya mashine. Maji yakipungua nusu, umeme nao unapungua nusu. Ndiyo maana nchi ya milima inaweza kupata umeme kwa mto mwembamba, wakati nchi tambarare huhitaji mto mpana na ukuta mkubwa.

Lakini mitambo ya Sebeya haina bwawa kubwa la kuweka akiba. Inatumia maji yanayopita siku hiyo. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zinapopungua, uzalishaji unashuka. Mvua kubwa ya Machi hadi Mei huleta maji mengi, lakini huleta pia mchanga, magogo na matope. Mchanga hula mapanga ya mtambo kama msasa unavyokula chuma. Wakati mwingine mafundi hulazimika kuzima mtambo ili kusafisha sehemu ya kuingizia maji, ingawa mto umefurika.

Usiku wa Mei 2023

Sebeya ilionyesha sura yake nyingine usiku wa kuamkia Mei 3, 2023. Mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na watu zaidi ya 130 walifariki nchini Rwanda. Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa vibaya. Nyumba za Nyundo na Rugerero zilizokuwa kandoni mwa mto zilifunikwa na maji na matope. Kituo cha kusafishia maji cha Gihira kiliharibiwa, na wakazi wa mji wakabaki na mabomba makavu.

Siku iliyofuata, upande wa pili wa Ziwa Kivu, mafuriko yaliangamiza vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini. Waliofariki huko walizidi 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Miongoni mwa waliosombwa walikuwemo watu waliokuja kuuza na kununua, kama wale wanaopita Kabuhanga kila wiki.

Mvua kama hizo huangukia milima iliyovuliwa miti. Msitu wa Gishwati, ambao zamani ulikuwa na hekta zipatazo 28,000, ulikatwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umebaki na hekta takriban 600. Tangu hapo sehemu imerejeshwa, na mwaka 2015 sheria ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Mradi wa bonde la Sebeya, uliofadhiliwa na Uholanzi na kusimamiwa na Bodi ya Maji ya Rwanda pamoja na washirika wake, ulichimba matuta, ukapanda miti na mianzi, na kujenga ukuta wa kupunguza kasi ya mafuriko.

Mkulima huchimba matuta ili udongo wake usiondoke. Mwenye mtambo hunufaika kwa sababu mchanga unaomfikia unapungua, na mkazi wa Nyundo hulala akiwa na hofu kidogo zaidi ya mafuriko. Hata hivyo anayetoa jasho lake na kipande cha shamba lake ni huyo wa juu mlimani, ambaye mara nyingi hapati sehemu yoyote ya mapato ya umeme. Kila mradi wa mto unaopangwa katika eneo hili unakutana na suala hilo: mtu wa juu alipweje kwa kazi inayomnufaisha mtu wa chini?

Ng'ambo ya Kabuhanga: umeme wa Rutshuru

Mfanyabiashara akivuka Kabuhanga na kufika kwenye barabara ya Kibumba, anakuwa katika eneo linaloangalia mto mwingine. Kaskazini, mto Rutshuru unashuka kuelekea Ziwa Edward. Mwezi Desemba 2015 ulizinduliwa hapo mtambo wa Matebe, wenye megawati 13.6. Mmiliki wake ni Virunga Energies, kampuni iliyotokana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Fedha nyingi za ujenzi zilitolewa na mfuko wa Howard G. Buffett wa Marekani.

Wazo lake lilikuwa la kibiashara na la ulinzi wa msitu kwa pamoja. Watu wa Goma hupika kwa makaa, na makaa mengi hutoka kwenye miti ya hifadhi. Kijana akipata kazi kwenye karakana, kiwanda cha sabuni au mashine ya kusaga, anakuwa na sababu ndogo ya kuingia msituni na shoka au kujiunga na wenye bunduki. Mtambo mdogo wa Mutwanga, wa mwaka 2013, ulikuwa umetangulia kwa kuonyesha njia hiyo upande wa Beni. Baadaye ukafuata Luviro, katika eneo la Lubero.

Umeme wa Matebe ulipofika Goma, ulikuta mji uliozoea mgao wa siku kwa siku na ngurumo za jenereta. Wasagaji, wenye vyumba vya baridi na mafundi walianza kununua mota za umeme. Vituo vya kusukuma maji kutoka ziwani navyo viliunganishwa.

Tatizo la umeme huu ni urefu wa safari yake. Kutoka Rutshuru hadi Goma, nguzo zinapita katika nchi ya vita. Mwezi Januari 2025, mapigano yalipoukaribia mji, kabla ya kundi la M23 kuuchukua mwishoni mwa mwezi huo, nyaya ziliharibiwa na Goma ikakosa umeme na maji kwa pamoja. Watu walirudi ziwani na madumu. Kwenye vyumba vya baridi, samaki na nyama viliharibika. Mtambo wenyewe unaweza kuwa mzima na mto ukawa umejaa, lakini nguzo moja ikianguka mahali ambapo fundi hawezi kufika, mji unakaa gizani.

Ruzizi: mkataba uliozaliwa Gisenyi

Mto wa tatu uko mbali zaidi, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Ruzizi inatoka ziwani karibu na Bukavu na Rusizi, kisha inashuka hadi Ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika liko karibu mita 700 chini yake. Tofauti na Sebeya, Ruzizi ina akiba ya asili, kwa sababu ziwa zima liko nyuma yake. Ndiyo maana maji yake hayapandi na kushuka ghafla.

Mtambo wa Ruzizi I ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ukiwa na uwezo wa karibu megawati 30. Ruzizi II ulifuata mwaka 1989, na huu una historia inayowahusu moja kwa moja wafanyabiashara wa mpakani. Unamilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo kupitia kampuni ya SINELAC. Kampuni hiyo ilizaliwa ndani ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Gisenyi Septemba 20, 1976, na makao yake yakawekwa katika mji huo huo.

CEPGL imepita vipindi vya kulala. Vita vya miaka ya 1990 viliivunja nguvu, na mikutano ya viongozi ikasimama. Lakini Ruzizi II uliendelea kuzunguka hata katika miaka ambayo serikali za nchi hizo zilikuwa hazisemezani, kwa sababu kila upande ulihitaji sehemu yake ya umeme. Mkataba wenye bidhaa ndani yake ulidumu kuliko hotuba.

Sasa unasubiriwa Ruzizi III, uliopangwa kuwa na megawati 206, zitakazogawanywa sawa kwa nchi tatu. Kila moja itapata karibu megawati 69. Hiyo ni zaidi ya mara 13 ya mitambo yote mitatu ya Sebeya. Mazungumzo yake yamechukua miaka mingi, kwani mwekezaji hutaka uhakika kwamba mashirika ya umeme ya nchi zote tatu yatalipa, na kwamba amani itakuwepo muda wote wa mkopo.

Mfano kwamba jambo hili linawezekana uko mashariki mwa Rwanda. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wenye megawati 80, unagawiwa sawa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Kila nchi hupata karibu megawati 27 kutoka mto Kagera, unaopita mpakani.

Funzo la Rugezi

Rwanda imekwisha kuonja gharama ya kuusahau mlima. Kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa nchi, hulisha ziwa Burera. Maji ya Burera huzungusha mtambo wa Ntaruka wa mwaka 1959, huingia ziwa Ruhondo, kisha huzungusha Mukungwa, wa mwaka 1982. Kinamasi kilipokaushwa kwa mashamba na mvua zikapungua, kina cha Burera kilishuka. Kufikia mwaka 2004 nchi ilikuwa katika mgao mkali wa umeme.

Serikali ilikodi jenereta za dizeli. Mafuta yalisafirishwa kwa malori kutoka bandari za pwani, na ndani ya miaka michache bei ya uniti ikapanda zaidi ya maradufu. Aliyelipa ni msagaji, mwenye saluni na mteja wao. Baadaye kilimo ndani ya Rugezi kilizuiwa na kingo zikapandwa majani na miti. Maji yalirudi, na mwaka 2010 Rwanda ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo. Hata hapa kulikuwa na walioumia: wakulima waliopoteza mashamba yao kinamasini walihitaji muda kupata njia nyingine ya kuishi.

Hesabu ya msagaji

Mwaka 2009, ni takriban nyumba 6 katika kila 100 nchini Rwanda zilizokuwa na umeme. Leo ni zaidi ya robo tatu, ukijumlisha zinazotumia sola. Kwa mfanyabiashara, tofauti hiyo inaonekana kwenye mashine ya kusaga.

Chukua mashine yenye mota ya kilowati 7.5 inayofanya kazi saa nne kwa siku. Inatumia uniti 30. Kwa siku 26 za kazi, ni uniti 780 kwa mwezi. Katika bei zilizotangazwa na mamlaka ya RURA Januari 2020 kwa wasio wa majumbani, uniti 100 za kwanza zilikuwa faranga 227 kila moja, na zinazozidi hapo faranga 255. Hesabu inakuja faranga 196,100 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Ukiongeza asilimia 18, inakuwa faranga 231,398. Bei hupitiwa upya, kwa hiyo aangalie iliyopo sasa, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, jenereta ndogo ya dizeli hutoa takriban uniti tatu kwa lita moja. Uniti 30 ni lita 10 kwa siku. Azidishe kwa bei ya dizeli ya siku hiyo upande alioko, ndipo atajua kama anasaga kwa faida au anawatumikia tu wateja wasimhame.

Kwa maziwa, muda ni mfupi zaidi. Maziwa mabichi kutoka Gishwati yanatakiwa kupozwa ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa hadi nyuzi joto 4 hivi. Tangi la kituo cha kukusanyia likikosa umeme alfajiri, na upande wa Goma friji nazo zimezima, maziwa huganda kabla ya mchana. Mwenye hasara mara nyingi ni mchuuzi wa kati, aliyechukua mzigo kwa mkopo na asiye na pa kudai.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuweka mtaji

Anayekodi chumba cha baridi au kuagiza mzigo unaooza anaweza kujikinga kwa maswali machache. Umeme wa mahali hapo unatoka kwenye gridi ya taifa yenye vyanzo vingi, au kwenye mtambo mmoja na njia moja ya nyaya? Kuna jenereta, na nani analipia mafuta yake ikiwashwa? Mkataba unasema hasara ya kukatika umeme ni ya nani? Na je, mzigo unaingia miezi ya kiangazi, mito inapopungua, au kipindi cha mvua kubwa, barabara na nguzo zinapokuwa hatarini?

Vyama vya ushirika vya wafanyabiashara wa mpakani vimezoea kujadili jeton, ushuru na mizani. Umeme na maji bado hupewa nafasi ndogo kwenye ajenda zao. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kuna meza moja zaidi ya kulipeleka jambo hili, na mpango wa kikanda wa NELSAP umeweka kwenye ramani yake njia ya kilovolti 220 ya kuunganisha Rubavu na Goma. Njia ya namna hiyo, ikitumika na kulindwa na pande zote mbili, ingeufanya mji mmoja umsaidie jirani yake mtambo unapozimika.

Hadi hapo, mama anayeshusha viazi Kabuhanga na kupandisha unga jioni ataendelea kulipia mito asiyoiona. Bei ya unga wake inabeba mchanga wa Sebeya, nguzo za njia ya Rutshuru na saini zinazosubiriwa za Ruzizi. Na matuta anayochimba kwenye shamba lake la mteremko, msimu huu mvua ikianza, ni sehemu ya hesabu hiyo pia.